Mkurugenzi Aliyeandikwa Meza

Nchi yenyewe haina jina, na hilo si kosa la msimulizi. Kamati ya kuipa jina iliundwa wiki ile ile ya uhuru, ikakaa kikao cha kwanza, ikaahirisha cha pili mpaka posho itoke, na wajumbe wake, wale ambao bado wako hai, wanasubiri mpaka leo. Hata hivyo kukosa jina hakukuizuia nchi hiyo kuwa na Wizara ya Afya, wala wizara kuwa na hospitali kuu, wala hospitali kuwa na korido ndefu yenye upepo, ambamo alifanyia kazi mwanamke aitwaye Stumai Ngwele.

Stumai alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, na hasa upande wa misuli na mifupa. Daktari wa upasuaji akishaunga mfupa wako na kwenda kunywa chai, anayebaki na wewe ni Stumai. Ndiye anayekufundisha upya namna goti linavyokunjwa, kiuno kinavyogeuka, na mkono unavyofika mgongoni kujikuna. Alisoma kazi hiyo miaka mingi, akafaulu vizuri, akaja kuitumikia nchi yake kwa moyo mweupe. Nchi ikampokea, ikamweka Idara ya Samani.

Msishangae. Kila jambo la serikali lina asili yake. Mtaalamu wa kwanza wa viungo alipofika wizarani, zamani hizo, alikuja na kitanda cha mazoezi, vyuma vya kushikilia, stuli na mpira mkubwa. Karani wa mapokezi akaviandika vyote kuwa samani, na kwa kuwa mtaalamu mwenyewe alikuwa amesimama kimya katikati ya vitu vyake, akaandikwa na yeye. Tangu siku hiyo kada nzima ya fiziotherapia ikawa chini ya samani. Ukiajiriwa unakuwa Mtunza Samani Msaidizi. Ukitaka kupanda, unafanya mtihani wa useremala.

Stumai aliufanya mtihani huo mara mbili. Mara ya kwanza aliulizwa tofauti ya mninga na mvule. Mara ya pili alitakiwa kuchonga stuli mbele ya jopo. Stuli ikayumba, ikaanguka, na mwenyekiti wa jopo akamwambia kwa sauti ya kibaba kwamba mtu asiyeweza kusimamisha stuli hawezi kuaminiwa kusimamisha mgonjwa.

Mwenyekiti huyo alikuwa Dakta Gervas Kitundu, Mkurugenzi wa Utumishi na Fursa. Udaktari wake ulikuwa wa heshima. Ulikuja kwa posta. Kila mwaka aliandaa Wiki ya Fursa, akapanda jukwaani na kuwahutubia watumishi waliopangwa juani.

"Ndugu zangu wa viungo," alisema mwaka ule, "msidhani Serikali yenu imewasahau. Serikali inawakumbuka kila inapokaa."

Watu wakapiga makofi. Kisha akatangaza fursa kubwa ambayo haijapata kutokea: cheo kipya cha Mkuu wa Kitengo cha Viungo. Usaili ukafanyika kwa haki, mbele ya mashahidi, na cheo akapewa Bwana Hoza, mwenye duka la makochi, ambaye kwa bahati tu alikuwa shemeji yake Mkurugenzi.

Kazi ya kwanza ya Hoza ilikuwa kuvichukua vitanda vya tiba kutoka korido ya Stumai, ili vikafanyiwe tathmini. Tathmini ilifanyika bustanini kwa Dakta Kitundu. Wageni wake walivikalia wakila nyama choma, wakakiri kwamba ni vitanda imara.

Koridoni ikabaki mikeka.

Wakati huo Stumai alikuwa akimtibu mama mmoja mkaanga maandazi, Mama Chausiku. Aliteleza kwenye ngazi za soko, akavunjika mkono karibu na bega. Mfupa ulikuwa umeshaunga vizuri, bado bega tu kulilegeza, na kazi hiyo haitaki kuchelewa. Siku ya kwanza ya mikeka Mama Chausiku alisimama akaitazama ile korido, wanaume wakipita na machela, wengine wakiruka miguu ya wagonjwa.

"Mwanangu," akamwambia Stumai, "mimi ni mke wa mtu na nina wajukuu. Nilale chini hapa wanaume waniruke kama kisiki?"

"Mama, nitakuwekea pazia."

"Pazia liko wapi?"

Pazia nalo lilikuwa kwenye tathmini. Mama Chausiku akajitanda kanga yake akaondoka. Aliporudi mvua zilikuwa zimekwisha. Stumai akaushika ule mkono akaupandisha polepole. Ulipofika usawa wa kifua ukagoma, mgumu kama mpini.

"Limeganda?" Mama Chausiku akauliza.

"Limeganda, mama."

"Basi nitakanda unga kwa mmoja." Hakulalamika zaidi ya hapo. Alichukua beseni lake tupu, akalibana kwapani upande mzima, akaenda zake, na Stumai akamtazama mpaka alipokata kona.

Hakulia. Alipanda ngazi mpaka ofisini kwa Dakta Kitundu, akaingia bila kubisha.

"Kukosa vitanda vyetu kumemlemaza mtu," akasema.

Dakta Kitundu alikuwa akila korosho. Alimwacha asimame mpaka alipomaliza ya mkononi. "Bi Stumai, hebu nielewe. Kilichokuuma ni vitanda au ni mtu? Kama ni vitanda, viko salama kwangu, vinapigwa upepo mzuri. Kama ni mtu, umetoka nje ya kada yako."

"Mimi natibu watu, Mkurugenzi."

"Hilo ndilo tatizo. Nimekuwa nikilisikia nikadhani ni uvumi."

Kesho yake ukatoka waraka. Ulisema kwamba mtumishi wa Idara ya Samani atahudumia samani tu, na kwamba akimgusa binadamu kwa nia ya kumtibu atakuwa ametenda kosa la kujipandisha cheo. Dakta Kitundu aliusaini kwa wino wa kijani, akaagiza ubandikwe koridoni, usawa wa macho ya Stumai.

Wagonjwa wakaanza kuja na viti kutoka majumbani. Mtu anakaa kwenye kiti chake, Stumai anamnyoosha shingo, kisha anaandika kwamba ametengeneza kiti. Mwaka huo hospitali ikapata tuzo ya kitaifa ya matengenezo ya viti, na Hoza akaenda kuipokea. Hasira yake Stumai hakuitapika. Aliimeza ikamkaa tumboni, akaendelea na kazi akiwa nayo.

*

Basi, Mheshimiwa Mno akaja kuitembelea wizara. Mheshimiwa Mno ndiye mkuu wa nchi ile, na mbele yake kila mtu huinama kwa kipimo cha anachokitaka. Anayetaka kubaki na kazi yake huinamisha kichwa. Anayetaka gari jipya huinama mpaka kiunoni. Dakta Kitundu alikuwa anautaka Ukatibu Mkuu, kwa hiyo aliinama mpaka paji la uso likakaribia viatu vyake. Waliokuwa jirani wakasikia kitu kikilia kama kijiti kikavu. Akabaki hapo hapo.

Mheshimiwa Mno alifurahi, akapita. Aliporudi kutoka kula chakula cha mchana akamkuta bado ameinama, akafurahi zaidi, akauliza jina lake likaandikwe.

Wakubwa wa nchi ile hawatibiwi nyumbani, lakini ndege ya wagonjwa ilikuwa imempeleka Waziri kung'olewa jino, na yeye alikuwa amepitiliza kutazama maduka. Ikabidi Dakta Kitundu abebwe ofisini kwake jinsi alivyo, uso ukitazama zulia. Shemeji yake Hoza akaitwa haraka, yeye si ndiye Mkuu wa Kitengo? Akaja na futi kamba, gundi na msasa. Akampima urefu, akampima upana, akagonga kiuno kwa kidole akisikiliza.

"Mbao imepinda," akasema. "Tukiibana na vyuma usiku kucha ikiwa na gundi, asubuhi itakaa."

"Shemeji," sauti ya Dakta Kitundu ikatoka chini, "toka nje." Kisha akamwambia karani wake, "Niitie yule mwanamke."

Stumai akaja. Alimzunguka mara moja tu akawa ameshaelewa. Misuli ya kiuno ilikuwa imeshtuka ikajifunga, jambo linalotisha kwa maumivu na lisilotaka makuu. Mikono yake mwenyewe ilijua pa kuanzia. Akaifumbata nyuma.

"Unaweza?" akauliza Mkurugenzi.

"Naweza."

"Basi fanya."

"Siruhusiwi. Mimi ni wa samani. Waraka unasema nisimguse binadamu, na saini ni yako."

Jasho la Dakta Kitundu likadondoka kwenye zulia la serikali.

"Nautengua waraka."

"Waraka hutenguliwa kikaoni, Mkurugenzi, na kikao hakianzi mpaka mwenyekiti akae. Unaweza kukaa?"

Alijaribu, akapiga ukelele uliosikika mpaka getini.

"Kuna njia nyingine," Stumai akasema, kwa sauti ile ile anayowapangia wagonjwa mazoezi. "Ukiandikwa samani, nakuhudumia sasa hivi, na sheria inakuwa imefuatwa."

Mtu mwenye maumivu hapimi maneno. Dakta Kitundu akamwamuru karani aandike. Karani, mtu mwaminifu wa utaratibu, akamtazama mbele na nyuma.

"Niandike kifaa gani?"

"Andika chochote."

"Chochote hakina safu yake." Akainama kumchungulia. "Kiti hapana, hakuna pa kuegemea. Mgongo umelala bapa. Meza hii. Meza ya ofisi, ina hitilafu katikati." Akamsainisha, akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akaandika namba ya mali ya serikali nyuma ya mkanda wa suruali yake.

Ndipo Stumai akakunja mikono ya gauni. Angeweza kumwonea. Palikuwa na sehemu karibu na nyonga ambapo kidole gumba kimoja kingemfanya mtu yule aliite jina la bibi yake. Hakupagusa. Kisasi ni kisasi, lakini mgongo ni mgongo. Akampasha moto, akamlegeza, akamfundisha kupumua, akamgeuza ubavu, na kabla chai ya wizarani haijapoa Dakta Kitundu alikuwa amesimama wima, anajishika kiuno haamini.

"Vizuri," akasema akikung'uta suti. "Sasa nifute."

"Kufuta si kazi yangu. Mali ikishaandikwa, inatolewa na Bodi ya Uondoshaji, kwa saini za wakurugenzi wote."

"Nitawaita Jumatatu."

Lakini wakaguzi walitangulia. Walikuja kuulizia vitanda vilivyolala bustanini, na magongo ya walemavu yaliyonunuliwa yasifike. Wakaingia ofisini wakamtaka Mkurugenzi.

"Mkurugenzi hayumo," karani akajibu, maana hakujua kusema uongo. "Humu kuna meza tu." Akawaonyesha maandishi, akamgeuza Dakta Kitundu wakaiona namba.

Wakaguzi wakashauriana. Sheria ya nchi ile haihoji samani. Dakta Kitundu akainama haraka, wakaweka mikoba yao juu yake, wakanywa chai, wakaenda.

Siku hiyo Dakta Kitundu alicheka mpaka machozi. Hakuita tena Bodi. Badala yake akawanong'oneza wenzake, na habari njema haina miguu lakini inafika. Kesho yake korido ya Stumai ilijaa suti. Mkurugenzi wa Dawa alitaka kuwa kabati. Mkurugenzi wa Ununuzi akataka kuwa sefu, akaulizwa kama ana uzoefu, akasema anao. Mkurugenzi wa Magari akaomba kiti cha kuzunguka. Hoza akachagua kuwa kochi.

"Wazee wangu," Stumai aliwaambia, "mlango wa kuingilia nauona. Wa kutokea sijauona."

"Andika, dada, andika," wakasema wakisukumana.

Akaandika. Aliandika kwa herufi kubwa zilizonyooka, akamkabidhi kila mmoja namba yake.

*

Wakaguzi walipochoka wakaacha kuja, na wakubwa wakataka kurudi ubinadamu. Bodi ya Uondoshaji ikaitishwa. Karani akaita majina mlangoni: Mkurugenzi wa Dawa hayupo, kuna kabati. Wa Ununuzi hayupo, kuna sefu. Akaandika kwamba ukumbi una samani za kutosha ila mjumbe hata mmoja hakuhudhuria, akaufunga mkutano.

Mwisho wa mwezi ukafika, mshahara haukufika. Samani haina mshahara; ina vanishi, mara moja kwa mwaka. Dakta Kitundu akaamua kwenda nyumbani akafikirie, na askari wa getini akamzuia kwa mkono.

"Mali ya serikali haitoki bila hati."

"Wewe, hunijui mimi ni nani?"

Askari akamgeuza, akasoma. "Nakujua. Rudi ndani mvua isikuharibu."

Mheshimiwa Mno naye akapiga simu wizarani kutaka taarifa. Simu ikalia chumba hadi chumba. Karani ndiye aliyeipokea, akaeleza hali kwa unyenyekevu.

"Hakuna mtu kabisa?" Mheshimiwa Mno akauliza.

"Mtu mwenye cheo kikubwa kuliko wote aliyebaki, Mheshimiwa Mno, ni Mtunza Samani Msaidizi. Anaitwa Stumai Ngwele."

"Anajua kusoma?"

"Anajua mifupa yote ya mwili kwa majina."

"Mimi nimeuliza kusoma. Haya, akaimu nafasi zote."

Hivyo ndivyo Stumai alivyopata fursa. Wiki ile ile akavirudisha vitanda kutoka bustanini, vikiwa na madoa ya pilipili. Akaitoa kada ya fiziotherapia kutoka samani, akaiwekea ngazi zake kuanzia chini hadi ubingwa, na mtihani wake ukawa wa mifupa na misuli. Nafasi za kazi zikatangazwa mpaka wilayani. Vijana waliosomea viungo, waliokuwa wakiuza vocha za simu na kusimamia mabaa, wakarudi wakavaa makoti meupe. Kwa mara ya kwanza mtu aliyevunjika nyonga mikoani aliweza kufundishwa kutembea bila kuuza shamba kwa nauli.

Idara ya Samani yenyewe hakuiacha. Hiyo aliishika mwenyewe, pamoja na vilivyomo.

Dakta Kitundu akamwendea. Alikuwa amekonda, suti inamning'inia. Alisimama mbele ya ofisi iliyokuwa yake, akabisha hodi.

"Stumai, mwanangu. Niandike mtu. Nakuomba kwa Mungu."

Stumai aliweka kalamu chini. Kwa muda mrefu alikuwa akijipangia maneno ya siku hii, mengine ya kuchoma mpaka kwenye ini. Yote yakamtoka. Alilolikumbuka ni mgongo wa mwanamke akikata kona na beseni tupu kwapani.

"Nifuate," akasema.

Akamshusha mpaka koridoni. Mama Chausiku alikuwa amelala kitandani nyuma ya pazia jipya, maana Stumai alimtumia mtu akamsihi mpaka akarudi. Stumai akaushika mkono wake akaupandisha mpaka ulipogoma, kifuani.

"Mkono huu uliganda wewe ukila nyama choma juu ya kitanda chake," akamwambia Dakta Kitundu. "Siku mkono wenyewe utakapopita juu ya kichwa chake, nitakuandika mtu. Mazoezi nitakufundisha. Utamfanyia wewe."

"Na usipopita?"

"Meza hudumu miaka mingi."

Mama Chausiku alimtazama yule mzee kuanzia viatu. "Ana mikono laini," akasema. "Kesho aje mapema, nina unga wa kukanda."

Akawa anakuja mapema. Alijifunza kuweka kitambaa cha moto, kushika kiwiko, kuhesabu pumzi, kuvuta bila kuumiza. Wiki za mwanzo alifanya kwa haraka, na Mama Chausiku akimsukuma kifua kwa mkono mzima. Baadaye akawa anafanya vizuri, hata vijana wa makoti meupe wakasimama kutazama. Ilibidi Dakta Kitundu awe meza kwanza ndipo aujue mfupa wa bega.

"Leo vipi, mama?" anauliza kila wakimaliza.

Mama Chausiku anaujaribu mkono taratibu, uso umemkunjamana. Unafika kidevuni. Unatetemeka. Unashuka.

"Leo naona umerudi nyuma kidogo, baba," anasema. "Kesho tena."

Jioni moja, miezi mingi imepita, Stumai alikuwa dirishani ghorofani akifunga vioo. Chini uani alimwona Mama Chausiku akitoka kwenye tiba, amesimama peke yake penye beseni lake la maandazi lililojaa pomoni. Mama akatazama kushoto, akatazama kulia. Akachuchumaa, akalishika beseni kwa mikono miwili, akalinyanyua juu kupita uso, kupita kilemba, akajitwika kichwani barabara. Kisha akainua macho akakutana na macho ya Stumai.

Mama Chausiku akaushusha ule mkono, akaukunja kifuani kama kifaranga aliyevunjika bawa, akaelekea getini.

Stumai akafunga dirisha.